Soketi Moja, Wake Wenza Wawili

Tangu nirudi, kila anayeingia kwangu huniuliza mapiramidi. Shoga zangu, mapiramidi sikuyaona. Yako mbali na tulikokwenda sisi, na hata yangekuwa karibu sidhani kama ningeyatazama vizuri, kwa jinsi moyo wangu ulivyokuwa kwenye soketi moja ya umeme, kando ya kioo, katika chumba cha meli, juu ya mto Naili. Mmeniomba nieleze. Nitaeleza mara moja, na atakayekosa kusikia amwulize mwenziwe.

Mwajua kuwa marehemu Bakari alituacha wajane wawili: mimi Rukia hapa Kuze, aliyenioa mwanzo, na Mejumaa wa Majengo, aliyemwoa miaka mingi baadaye. Alipokuwa hai tulisalimiana vizuri, tukapelekeana futari mwezi wa Ramadhani, kisha kila mmoja akakaa kwake. Hatukugombana, wala hatukupendana. Eda zetu zilipokwisha, watoto wa nyumba zote mbili wakashauriana watupeleke mahali tukapumzishe roho. Wakaamua, bila kutuuliza, kwamba tutakwenda pamoja na tutalala chumba kimoja. Mambo ya tiketi na karatasi waliyafanya wao, nami nayaruka.

Kuze hadi Addis Ababa

Teksi haiingii vichochoroni kwetu, kwa hivyo begi langu lilibebwa hadi barabarani, na majirani wakaniombea kheri kutoka madirishani kana kwamba nakwenda Makka. Kule Majengo, Mejumaa alikuwa ameshasimama nje, amevaa buibui jipya, ndoo ya mahamri mkono mmoja na mkoba mkono wa pili. Ndoo alikubali itiwe nyuma ya gari. Mkoba alikataa. Aliupakata kama mtoto hadi uwanja wa ndege. Tukavuka daraja la Makupa tukatoka kisiwani, kila mmoja akitazama dirisha lake.

Addis Ababa tulishuka ili tubadilishe ndege, na ukungu ukatushika hapo. Nje ya vioo palikuwa peupe kama maziwa. Ndege zilionekana mikia tu. Tukaambiwa tungoje. Tukangoja hadi miguu ikavimba.

"Bi Rukia," Mejumaa akaniambia, "hapa stima wanaiweka wapi?"

"Stima ya nini?"

"Ya kuchajia."

Palikuwa na nguzo moja yenye soketi nyingi, na watu wa kila rangi walikuwa wameizunguka, wameketi chini, kila mmoja na waya wake. Mejumaa akatandika leso palepale, akaketi katikati yao, akapitisha waya kutoka ukutani hadi ndani ya mkoba, na mkoba asiufungue. Mimi niliona haya. Nikahamia kiti cha mbali kidogo, nikashika tasbihi nikajifanya navuta uradi. Kutoka pale nilimwona akigawa mahamri, na mama mmoja wa Kihabeshi akamletea kahawa na bisi kwenye sahani. Walicheka pamoja, nami sijui walielewana kwa lugha gani. Nilikaa na heshima yangu na njaa yangu.

Aliporudi nilimwuliza, "Mna nini humo kinachokula stima hivyo?"

"Simu."

"Mbona huitoi?"

"Ni simu tu, Bi Rukia." Akatazama ukungu.

Luxor, ndani ya meli

Kairo tuliipita tukiwa nusu tumelala, tukaamka Luxor. Msidhani ni meli kama zile zinazotia nanga Kilindini. Ni kama nyumba nyeupe ya ghorofa iliyoshuka mtoni ikaamua kuelea. Chumba chetu kilikuwa chini, na dirisha lake lilikaribia maji hata nikahisi nikinyoosha mkono nitayagusa.

Mhudumu wa chumba aliitwa Ashraf, bwana mpole mwenye masharubu. Kiarabu changu ni cha chuoni, cha kusomea Kurani, na nilipoongea alinisikiliza kama mtu aliye mbele ya khatibu. Alituonyesha kitundu kando ya mlango, akachomeka humo kadi iliyokuwa ndiyo ufunguo, na taa zikawaka. Sisi tukadhani pale ni mahali pa kuiwekea kadi isipotee, na taa ni yeye aliyeziwasha.

Soketi ilikuwa moja tu, na vitundu viwili vya mviringo. Chaja yangu, mwajua, ni ya meno matatu bapa kama za kwetu zote. Kwetu ukiwa na chaja ya meno mawili unadokoa tundu la juu kwa kifuniko cha kalamu, nayo inaingia. Pale hapakuwa na tundu la kudokoa. Nikaizungusha hivi na hivi. Mejumaa akangoja kwa adabu, halafu akatoa chaja yake nyeusi, kuukuu, ya meno mawili ya mviringo, ikaingia kana kwamba ilitengenezewa pale.

Nikaenda mlangoni nikamwita Ashraf, nikamwonyesha chaja yangu.

"Kahraba?" akauliza.

Nikashangaa amejuaje. Nikamtolea tasbihi. "Naam, kaharabu safi. Ya mamangu. Lakini haiuzwi."

Maskini akaipokea kwa mikono miwili, akaigeuza, akaitafuta hiyo chaja ndani yake. Kisha akaonyesha taa juu ya dari. "Kahraba!" Akaonyesha tasbihi. "Kahraman!" Kumbe neno letu la zile shanga za manjano, kwao ndilo jina la umeme. Nyuma yangu nikasikia kicheko. Mejumaa alikuwa ameketi kitandani, ameshika mbavu. Miaka yote ile, sikuwahi kumsikia akicheka.

Ashraf aliniletea kipande cha kubadilishia meno. Lakini alipoiona ile ekstensheni yangu ndefu niliyoitoa nyumbani, alitikisa kichwa, akachezesha vidole kama moto unaopanda ukutani, akaondoka nayo kwa kuomba radhi nyingi. Ikabaki soketi moja kwa simu mbili.

"Tia yako, ikijaa nitie yangu," nikasema.

"Yako ni mpya, Bi Rukia, inashika siku nzima," akasema. "Yangu haifiki popote. Nisamehe. Yangu haiwezi kuzimika."

Na kweli hakuiacha. Wenzetu walipopanda kula, alisema ameshiba. Nilimletea mkate kwenye kitambaa, nikamkuta ameketi sakafuni kando ya kioo, mkoba mapajani, waya umeingia ndani.

Kungoja Esna

Mto ule, jamani, ni maji matamu tu hadi mwisho wa macho. Hakuna harufu ya chumvi. Hauna kupwa wala kujaa. Sisi watu wa kisiwani tumezoea maji yanayokuja na kwenda. Yale yanakwenda njia moja, polepole, nayo meli inayapanda kinyume bila kelele, hata ukikaa juu sitahani unahisi ni ukingo ndio unaotembea. Mitende inapita. Ng'ombe amesimama majini hadi magotini, anapita. Mwanamke anaosha sufuria, anainua uso, naye anapita. Nilikaa pale nikasahau nina umri gani.

Esna kuna lango la maji, na meli hungojeana ziingie moja moja. Tulikuta foleni. Wachuuzi wakaja na vimashua vyao hadi ubavuni mwa meli, wakawa wanarusha nguo juu zikiwa ndani ya mifuko, mtu achague, arudishe asiyoitaka. Kelele zilikuwa za sokoni kabisa. Nikasogea upande wa pili kutafuta utulivu, na huko, nyuma ya kabati la taulo, nikamkuta Mejumaa amenipa mgongo, anaongea na simu kwa sauti ya chini, ya mapenzi.

"Hajambo sana... La, ametoka kidogo tu, Mzee. Ameenda kuswali... Nitamwambia. Akirudi tu nitamwambia umepiga."

Akageuka. Simu iliyokuwa mkononi mwake ilikuwa ile ndogo ya kubonyeza, mfuniko wake wa nyuma umeshikwa kwa utepe wa buluu. Utepe ule niliufunga mimi. Ilikuwa simu ya Bakari. Nilipokuwa kwenye eda niliitafuta kabatini na chini ya magodoro, mwishowe nikajiambia imepotea hospitali.

"Nani ametoka kidogo?" nikamwuliza.

Akaificha simu kwenye mkunjo wa buibui.

"Mejumaa, nimekuuliza. Nani ameenda kuswali?"

Kabla hajajibu, mfuko wenye kanzu ya dhahabu ukaruka kutoka chini, ukaanguka katikati yetu. "Madam! Madam!" mchuuzi akaita. Mejumaa akauokota, akauchungulia, akaurudisha chini kwa mkono mzuri wa mtu aliyezoea kurusha. Kisha akaketi juu ya maboya ya kuokolea watu, akanieleza.

Mnamkumbuka Mzee Mwadime, yule Mtaita, dereva wa winchi bandarini? Alifanya kazi na Bakari tangu ujanani. Mmoja alishusha mizigo, mwenziwe akaihesabu, na mchana wakala sahani moja. Alikuwa Mkristo, lakini kila Idi alikuja Kuze na mkungu wa ndizi begani. Alipostaafu alirudi kwao milimani, Taita, anakaa na bintiye Wakesho. Sasa ana maradhi ya kusahau.

"Lakini alikuja mazikoni," nikasema. "Nilimwona mlangoni kwa macho yangu."

"Alikuja. Amesahau." Mejumaa aliifuta simu kwa pembe ya buibui. "Tangu nirudi na simu hii kutoka hospitali, anampigia Bakari karibu kila siku, baada ya alasiri. Mwanzo nilimwambia. Nilimwambia mara tatu, Bi Rukia. Kila mara alilia kama ndiyo kwanza anasikia. Mara ya tatu Wakesho akaninyang'anya maneno, akaniomba kwa jina la Mungu nisimwambie tena."

"Ukiizima je?"

"Akikuta imezimwa, huvaa koti lake akateremka barabarani kungoja gari la Mombasa, aje amtafute. Siku moja alifika mbali peke yake, na mvua inamnyeshea. Walimkuta hajui yuko wapi."

Nikasema, "Huo ni uongo, Mejumaa. Kumsingizia maiti kuwa yuko hai."

"Najua ni uongo," akasema. "Nipe la kweli nimwambie asilie."

Na niwaambie lililoniuma hasa halikuwa uongo. Liliniuma kwamba siku zote hizo, kule Majengo, jina la Bakari lilikuwa likitajwa kila alasiri kama mtu aliyetoka dukani na atarudi, na mimi huku Kuze nilikuwa kwenye ukimya mtupu. Nilishuka chumbani nikajilaza nikielekea ukuta. Meli ikaingia langoni. Kuta mbili ndefu zikatubana, halafu maji yakaanza kutuinua, bila kishindo, na mawe yenye ukungu wa kijani yakashuka mbele ya dirisha, moja baada ya jingine, mpaka anga ikaonekana tena. Nilitamani nibaki nikiinuliwa hivyo tu, nisifike popote.

Edfu

Asubuhi ya pili yake nilimwona alivyokonda. Hakula vizuri tangu Luxor. Nikamwambia, "Mzee hupiga baada ya alasiri. Iache simu kwenye chaji, twende tukaone hilo hekalu, turudi mapema."

Alisita, lakini nadhani alifurahi kwamba nimemsemesha. Akaiweka simu mezani, akahakikisha alama ya betri inapanda, akaigusa mara ya mwisho. Mimi nikachomoa kadi kwenye kitundu chake, nikaitia mkobani, nikajisifu kimoyomoyo kuwa sikuisahau.

Tulikwenda kwa gari la farasi. Farasi mweupe, mwembamba, amefungwa shada jekundu kichwani. Hekalu lenyewe siwezi kulieleza. Nguzo ni nene kuliko nyumba yangu, na juu, mahali ambapo jua halifiki, kuna rangi bado, buluu hafifu, ya watu waliokufa zamani mno. Ndani mlikuwa na giza la baridi. Watu walinong'ona bila kuambiwa. Kwenye ngazi Mejumaa alinishika mkono nisianguke, na tulipofika chini hakuniachia, wala mimi sikuuvuta. Nilitembea mle kama mtu anayetembea usingizini na hataki kuamshwa.

Tulirudi melini, nikafungua mlango, na hewa ya moto ikatupiga usoni. Chumba kilikuwa giza. Mejumaa akakimbilia meza.

"Imezima."

Nikachomeka kadi. Taa zikawaka zote, feni ikavuma. Hapo ndipo nilipoelewa. Nilipoondoka na kadi, niliondoka na umeme wa chumba kizima.

Mejumaa akabonyeza, akabonyeza. Kioo cha simu kikabaki cheusi. Akafungua ule utepe wa buluu, na betri ilikuwa imevimba kama andazi, haipokei tena umeme. Ashraf alikuja na kibetri chake cha mfukoni cha kuchajia simu, lakini tundu la simu ile ni jembamba kama sindano, na waya wake haukuingia.

"Sasa atapiga," Mejumaa akasema. "Atapiga akute imezimwa."

"Mpigie Wakesho kwa simu yangu."

"Namba yake imo humu ndani. Siijui kwa kichwa." Simu yake mwenyewe alikuwa ameiacha Majengo kwa bintiye, apokelee wateja wa mahamri. Nikampigia huyo binti. Hakupokea. Nikapiga tena, hakupokea.

Nikaketi kando yake, nikamwambia polepole, "Mzee haipigii simu. Anaipigia laini. Tuitoe laini humo, tuitie kwangu."

Tukaitoa. Lo! Laini ya Bakari ilikuwa ya kizamani, kubwa kama ukucha wa dole gumba, na kitundu changu ni cha laini ndogo, kama punje ya hindi. Ilibidi ikatwe. Na ikikatwa vibaya, basi ndiyo kwisha. Hakuna wa kwenda kuomba nyingine kwa jina la maiti.

Ndani ya meli mna duka la vito, la mama mmoja mnene mwenye miwani, anayewachongea watalii majina yao kwenye dhahabu. Tukamwekea laini mbili juu ya kioo cha meza yake, ile kubwa na ile yangu ndogo, nikamwonyesha kwa kidole: hii iwe kama hii. Akatutazama nyuso zetu. Hakuuliza kitu. Akavaa miwani mingine juu ya ile ya kwanza, akachora mstari, akachukua mkasi wake mwembamba. Mejumaa alifumba macho. Mimi sikufumba, nilitaka nione kama itaharibika, nijue. Mkasi ukalia mara moja, ukazunguka, ukalia tena. Akapuliza vumbi, akaisukuma mbele yangu kwa ncha ya kidole.

Laini yangu niliifunga kwenye karatasi ya tishu. Ya Bakari nikaitia. Simu ikafikiri kwa muda mrefu. Kisha alama za mtandao zikasimama, moja, mbili, tatu.

Kom Ombo hadi Aswan

Basi Kom Ombo sikuiona, msiniulize. Watu wote walishuka. Sisi tulibaki chumbani, simu yangu kwenye ile soketi kwa sababu nayo ilikuwa imeshuka sana, na kadi ndani ya kitundu chake. Hakuna aliyethubutu kutoka, tusije tukaizima tena. Ashraf alituletea maharagwe yao ya ful, mazito, yana mafuta na ndimu, na Mejumaa akatoa mahamri yaliyobaki, yamekauka kidogo. Tukachovya. Nikasema yanakaribia mbaazi za nazi. Akasema hayakaribii hata kidogo. Tukala yote.

Mwanga wa mto ulikuwa ukicheza darini. Tukaanza kuongea habari za Bakari, kwa tahadhari kwanza.

"Kwangu alikuwa akiimba akioga," Mejumaa akasema.

"Bakari? Kuimba?"

"Nyimbo za harusi. Sauti mbaya."

Kwangu hakuimba hata siku moja. Kwangu alikaa dirishani akanisimulia meli zilizoingia, zimetoka wapi, zimebeba nini. Nilipomwambia hayo, Mejumaa akaacha kutafuna. "Mimi hakunisimulia kazi," akasema. "Nilidhani haipendi." Tukaulizana zaidi. Nikamjua mume wangu mambo ambayo miaka yote sikuyajua, na sikuona wivu, au niseme niliuona ukipita kama vile vitu vya ukingoni, nami nikauacha upite.

Alasiri iliingia, tukaswali. Tulipotoa salamu, simu ikalia.

Mejumaa akairukia. Lakini ile ya kwangu si ya kubonyeza, ni ya kutelezesha kidole, naye akakigandamiza kioo kwa nguvu hadi ikakatika. Akaniangalia kwa macho ya kutisha. Ikalia tena. Safari hii niliipokea mimi.

"Mama? Mama Mejumaa?" Alikuwa Wakesho, anahema. "Leo Baba alipiga mapema, akakuta simu imezimwa, akatoka. Tumempata huku chini barabarani, ameshaingia garini, amekataa kushuka mpaka aongee na Bakari. Nampa, tafadhali."

Upepo ukasikika, na honi. Kisha sauti ya mtu mzima, imechoka, ina hasira na baridi.

"Bakari! Uko wapi wewe?"

"Si Bakari, Mzee. Ni mkewe."

"Mke yupi?"

Nikamtazama Mejumaa. Alikuwa ameweka mikono yote miwili mdomoni.

"Wa Kuze," nikasema.

"Shemeji Rukia?"

"Naam. Ni mimi."

Nilisikia pumzi yake ikishuka, kama mtu aliyetua mzigo. "Aa," akasema. "Basi leo yuko kwako. Nami siku zote napiga kule Majengo. Kumbe yuko kwako."

Nikaibana simu sikioni.

"Mpe simu," akasema.

"Amelala, Mzee Mwadime."

"Amelala? Alichoka?"

"Alichoka sana. Sasa amepumzika."

"Kazi ya bandari ile," akasema polepole. "Inamaliza mtu. Usimwamshe, shemeji."

"Simwamshi."

"Mwache tu. Nitampigia siku nyingine."

Simu hakuikata; nadhani alisahau namna. Tukamsikia akimwambia bintiye, kwa sauti ya kawaida kabisa, ya mtu aliyemaliza shughuli yake mjini: "Twende nyumbani. Amelala."

Mejumaa akateremka kitandani, akaketi chini, akalaza kichwa mapajani mwangu. Buibui lake lilinuka iliki na mafuta ya kukaangia. "Amelala," akawa anarudia. "Mbona mimi sikulifikiria hilo?" Nikamshika kichwa. Nje, watu walikuwa wakirudi melini kwa vicheko, injini ikanguruma chini yetu, ukingo ukaanza tena kutembea. Hatukuwasha taa. Tulikaa hivyo hadi dirisha likawa la zambarau, kisha likawa jeusi, na tulipokuja kuangalia tena tulikuwa tumefika Aswan.

Kurudi

Aswan tulitembea sokoni, tukanunua maua ya chai ya karkade na udi, tukapotea, tukaonyeshwa njia na watu weusi kama sisi waliotudhania jamaa zao. Simu yangu ilikuwa kifuani mwangu muda wote. Mzee alipiga mara moja, nikampa Mejumaa, naye akasema lile lile neno, vizuri kuliko mimi. Ndege za kurudi hazina la kusimuliwa.

Hapa Mombasa fundi aliitia simu ya Bakari betri mpya, na kibao kidogo cha kuishikilia laini iliyokatwa. Ikawaka. Tulikuwa kwenye teksi tukirudi kutoka kwa fundi, simu iko kitini katikati yetu, nami nilikuwa nikitafuta namna ya kuuliza itakaa kwa nani bila kuonekana naitaka.

Mejumaa akanitangulia. "Iende kwa zamu," akasema.

Tukatazamana. Tulicheka mpaka machozi yakatoka, mpaka dereva akageuka kututazama. Na ndivyo ilivyo: wiki moja Kuze, wiki moja Majengo. Ikiwa kwangu naichaji usiku na mchana, nayo inapolia baada ya alasiri najifuta mikono, naketi dirishani, napokea. Kuna siku Mzee ananiuliza bei ya samaki. Kuna siku hajui amempigia nani, nasi tunaongea tu.

Wiki hii iko Majengo. Nyumba imekuwa kimya, kama ilivyokuwa siku zile za eda, na nimepika wali wa mtu mmoja. Jana jioni Mejumaa alinipigia.

"Mzee kapiga," akasema. "Leo akili yake ilikuwa nzuri. Nimemwambia Bakari amelala. Akaniuliza, 'Na kwa shemeji Rukia nako nilimkuta amelala. Huyu mtu siku hizi kazi yake ni kulala tu?'"

"Ukamjibuje?"

"Nikamwambia ndiyo."

"Akasemaje?"

"Akacheka," Mejumaa akasema. "Akasema, tumwache alale."